ADA MOJA, MATUMIZI MAKUBWA: Je, anayetumia sana intaneti aliyoilipia ni mharibifu?

Mteja amelipa ada yake ya mwezi kikamilifu. Tangazo lilimwambia kuwa huduma ni "bila kikomo". Kabla mwezi haujaisha anapokea barua kwamba matumizi yake yamepita kiasi, anawaumiza wateja wenzake, na akiendelea atabanwa kasi au kukatiwa kabisa. Je, mteja huyo ametumia vibaya huduma, au ametumia tu kile alichokinunua?

Swali hilo si la mafundi wa kompyuta peke yao. Mfanyabiashara anayetegemea intaneti kupokea oda na kulipa wauzaji wa mali anahitaji kujua amenunua nini hasa. Mwenye hisa katika kampuni ya simu naye anahitaji kujua kama kampuni yake inauza kitu inachoweza kukitoa, au inauza ahadi ambayo siku moja itadaiwa kwa wingi. Safaricom imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi tangu mwaka 2008, na Vodacom Tanzania katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 2017. Kwa hiyo wapo wawekezaji wadogo wengi katika ukanda huu ambao gawio lao linategemea jinsi swali hili linavyojibiwa.

Wiki hii ukurasa huu unalitazama suala hilo pale lilipopata mtihani mkali zaidi, yaani Marekani. Huko limepimwa sokoni, mbele ya tume za serikali na mahakamani kwa miongo mitatu, na hesabu zake ziko wazi kwa anayetaka kujifunza.

KAMPUNI INAUZA NINI?

Kwanza tuelewe biashara yenyewe. Kampuni ya intaneti haiuzi gigabaiti kama duka linavyouza sukari. Sukari ikitoka ghalani imekwisha, sharti ununue nyingine. Njia ya mawasiliano haipungui kwa kutumiwa. Waya, mnara au mkongo uliotandikwa chini ya bahari una gharama ileile ukiwa mtupu na ukiwa umejaa. Kinachouzwa ni nafasi ya kupita katika njia hiyo.

Nafasi hiyo huuzwa kwa watu wengi zaidi ya wale wanaoweza kupita kwa wakati mmoja. Huo si utapeli. Benki hufanya hivyo kila siku: hupokea amana za watu 1,000, ikabakiza fedha taslimu za kuwatosha wachache watakaofika dirishani leo, na nyingine ikakopesha. Kampuni ya bima nayo hufanya hivyo, maana haitarajii magari yote yagongwe siku moja. Bila mpango wa namna hiyo, ada ya intaneti ya nyumbani ingekuwa mara nyingi ya ilivyo, kwa sababu kila mteja angelazimika kulipia njia yake peke yake.

Lakini hapo ndipo penye kiini cha mgogoro. Benki haimwiti mwizi mteja aliyekuja kuchukua amana yake yote. Kama fedha hazitoshi, aliyekosea hesabu ni benki. Hali kadhalika bima haimwiti mharibifu mtu aliyegongwa mara 2 katika mwaka. Itamwita hivyo endapo ameliteketeza gari lake mwenyewe ili alipwe. Tofauti kati ya matumizi makubwa na matumizi mabaya iko hapo, na tutairudia.

SOMO LA KWANZA: AOL, MWAKA 1996

Katikati ya miaka ya 1990 Wamarekani wengi waliingia katika intaneti kwa kupiga simu kupitia modemu. Kampuni kubwa ya huduma hiyo, America Online au AOL, ilikuwa ikitoza kwa saa. Katika mpango wake wa kawaida mteja alilipa dola 9.95 kwa saa 5 za mwanzo, na dola 2.95 kwa kila saa iliyozidi. Mapema mwaka 1996 kampuni ya simu ya AT&T ilileta huduma yake kwa ada moja ya dola 19.95 kwa mwezi, mteja atumie atakavyo. Washindani wengine wakafuata.

AOL haikuwa na hiari. Tarehe 1 Desemba 1996 nayo ilianza kutoza dola 19.95 bila kuhesabu saa. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Mteja wa saa 15 kwa mwezi alikuwa akilipa dola 39.45 katika mpango wa kawaida, na sasa analipa nusu yake. Mteja wa saa 100 angelipa karibu dola 290, na sasa analipa dola zilezile 19.95. Bei ya saa ya nyongeza ilishuka kutoka dola 2.95 hadi sifuri. Mfanyabiashara yeyote anajua kitakachotokea bidhaa ikifikia bei hiyo.

Kilichotokea ni kwamba simu zilijaa. AOL ilikuwa na wanachama wanaokaribia milioni 8 na modemu yapata 200,000 za kuwapokea, yaani wateja 40 kwa modemu moja. Jioni watu walipiga simu wakasikia mlio wa laini kujaa, wakapiga tena na tena. Waliofanikiwa kuingia waliogopa kutoka, wakaacha kompyuta zikiwa zimeunganishwa hata walipokwenda kula au kulala. Kwa hiyo msongamano ulizaa msongamano.

Mwenyekiti wa kampuni, Steve Case, aliwaomba wanachama wapunguze matumizi katika saa za jioni. Ombi hilo halikuwaridhisha wanasheria wakuu wa majimbo, ambao hoja yao ilikuwa nyepesi: kampuni iliendelea kutangaza na kusajili wateja wapya huku ikijua kuwa waliopo hawaingii. Mwishoni mwa Januari 1997 AOL ilikubaliana na zaidi ya majimbo 30 kuwarudishia fedha au kuwapa mwezi wa bure wateja walioshindwa kutumia huduma, na kupunguza matangazo ya kuvuta wapya. Aidha ilipandisha bajeti ya kupanua mitambo hadi dola milioni 350, ikilenga kufikisha modemu 350,000.

Katika mgogoro huo wote, mamlaka hazikumpa lawama mteja aliyekaa hewani saa nyingi. Lawama ziliwekwa kwa muuzaji aliyeuza viti vingi kuliko basi.

Mwekezaji naye alikuwa na somo lake. Siku AOL ilipotangaza ada mpya, Oktoba 1996, ilitangaza pia kufuta vitabuni dola milioni 385 za gharama za kutafuta wateja. Kabla ya hapo gharama hizo za matangazo na diski za bure zilihesabiwa kama mali itakayolipa baadaye badala ya kuwa matumizi ya mwaka uleule, na hivyo faida ikaonekana nono. Mwaka 2000 AOL ilikubali kulipa faini ya dola milioni 3.5 kwa tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani kuhusu hesabu hizo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosema kweli ni baya zaidi.

SOMO LA PILI: COMCAST NA KIKOMO KISICHOTAJWA

Miaka 10 baadaye modemu za simu zilikuwa zimepitwa na wakati, na Wamarekani wengi walikuwa wakitumia waya wa televisheni. Katika teknolojia hiyo, nyumba kadhaa za mtaa mmoja hugawana njia moja. Jirani akitumia sana saa za jioni, wewe unaweza kuiona video yako ikikwama. Kwa hiyo kampuni ilikuwa na hoja ya kweli: mtumiaji mkubwa anaweza kumgusa mwenzake.

Comcast, kampuni kubwa ya waya nchini humo, ilishughulikia hoja hiyo kwa njia mbili zilizoleta aibu. Kwanza, iliwaandikia barua baadhi ya wateja kuwa wanatumia kupita kiasi na ikawakatia waliorudia, lakini haikusema kiasi chenyewe ni kipi. Mteja aliambiwa amevuka mpaka asioonyeshwa. Pili, mwaka 2007 iligundulika kuwa kampuni ilikuwa ikiingilia mawasiliano ya programu ya BitTorrent, inayotumika kugawana mafaili makubwa. Ilituma ujumbe wa bandia uliofanana na ujumbe wa kompyuta ya upande wa pili, ukisema kwamba mazungumzo yamekatishwa. Shirika la habari la Associated Press lilipima jambo hilo mwezi Oktoba 2007 kwa kujaribu kutuma Biblia kwa programu hiyo, likaona safari ya faili ikizuiwa au kucheleweshwa.

Agosti 2008 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, kwa kura 3 dhidi ya 2 iliiamuru Comcast iache njia hiyo kabla ya mwaka kwisha na ieleze wazi inavyosimamia mtandao wake. Comcast ilikata rufaa, na Aprili 2010 mahakama ya rufaa ya Washington ikatengua amri hiyo. Hapa msomaji awe makini. Mahakama haikusema kuwa Comcast ilitenda haki. Ilisema tume haikuonyesha kuwa sheria imeipa mamlaka ya kutoa amri hiyo.

Kwa upande wa soko, lililotokea nje ya mahakama lina uzito zaidi. Oktoba 2008 Comcast ilitaja kikomo chake kwa mara ya kwanza: gigabaiti 250 kwa mwezi. Wakati huohuo ilieleza kuwa mteja wa katikati, yule ambaye nusu ya wateja wako chini yake na nusu juu yake, alikuwa akitumia gigabaiti 2 hadi 3 tu. Yaani kikomo kilikuwa kama mara 100 ya matumizi ya mtu wa kawaida.

Je, gigabaiti 250 ni nyingi kiasi gani? Megabiti 1 kwa sekunde, ikipita usiku na mchana kwa siku 30, hufikisha gigabaiti 324. Kwa hiyo mteja aliyefika kikomo alikuwa ametumia wastani wa chini ya megabiti 1 kwa sekunde. Kama alikuwa ameuziwa kasi ya megabiti 6, angekimaliza kikomo hicho katika siku 4 zisizotimia. Kampuni ilimuuzia gari la kwenda mwendo kasi mwezi mzima, kisha ikampa petroli ya siku 4. Hilo si kosa kama limeandikwa wazi katika mkataba. Ni kosa likifichwa.

MHARIBIFU AGEUKA MTEJA BORA

Mwaka 2012 Comcast ilisimamisha kikomo cha gigabaiti 250, ikaanza kujaribu katika baadhi ya miji utaratibu mpya: gigabaiti 300, na kila gigabaiti 50 za ziada kwa dola 10. Mwaka 2016 kikomo kikapanda hadi terabaiti 1, na mwaka 2025 ikatangaza mipango mipya isiyo na kikomo.

Tazama mabadiliko ya lugha katika miaka hiyo. Mwaka 2007 mtu wa gigabaiti 300 alikuwa mharibifu wa kukatiwa huduma. Mwaka 2012, katika miji ya majaribio, mtu huyohuyo alikuwa ndani ya haki yake, na jirani yake wa gigabaiti 400 alikuwa mteja bora anayeongeza dola 20. Waya ulikuwa uleule na tabia ya mteja ileile. Kilichobadilika ni kwamba matumizi yake yalipewa bei.

Hapo pana kipimo kizuri kwa mwekezaji. Kosa la kweli haliwi halali kwa kulipiwa dola 10. Mtu anayeshambulia kompyuta za wengine hauziwi kifurushi cha ziada ili aendelee. Kampuni ikiwa tayari kuuza nyongeza ya kitu ilichokiita uharibifu jana, basi jana tatizo lilikuwa bei, na tabia ya mteja haikuhusika.

SOMO LA TATU: AT&T NA NENO "BILA KIKOMO"

Kesi iliyokwenda mbali zaidi ni ya simu za mkononi. Simu ya iPhone ilipoingia sokoni mwaka 2007, AT&T iliuza data bila kikomo ili kuvuta wateja. Iliwavuta kweli, mitambo ikalemewa, na Juni 2010 ikaacha kuuza mpango huo kwa wateja wapya. Waliokuwa nao waliachwa waendelee, wakishikilia kama mtu anayeshikilia nyumba ya kodi ya zamani.

Mwaka 2011 kampuni ilianza kubana kasi ya wale waliokuwa katika asilimia 5 ya juu ya watumiaji. Wateja walilalamika kuwa hakuna anayeweza kujua mapema kama yumo katika asilimia hiyo, maana inategemea wengine wametumia kiasi gani. Mwaka 2012 ikaweka viwango: gigabaiti 3 kwa mtandao wa zamani, na gigabaiti 5 kwa mtandao mpya wa LTE. Gigabaiti 5 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde humalizika kwa saa 1 na dakika 7. Baada ya hapo mwenye mpango "bila kikomo" alikuwa akitambaa mpaka mwezi uishe.

Februari 2012 mteja mmoja wa California aliipeleka AT&T mahakama ya madai madogo, akapewa dola 850. Fedha hizo ni ndogo kwa kampuni ya ukubwa huo, lakini habari zilisambaa. Oktoba 2014 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifungua kesi ikidai kuwa wateja wasiopungua milioni 3.5 walibanwa zaidi ya mara milioni 25, na kwamba wengine kasi yao ilishushwa kwa karibu asilimia 90. Tume haikupinga haki ya kampuni kusimamia mitambo yake. Ilisema kampuni iliuza neno moja na kutoa kitu kingine bila kueleza ipasavyo.

AT&T ilipigana kwa miaka kadhaa kuhusu kama tume hiyo ina mamlaka juu yake. Novemba 2019 ilikubali kulipa dola milioni 60 za kuwarudishia wateja, na ikazuiwa kutangaza kasi au kiasi cha data bila kutaja masharti yanayokipunguza mahali panapoonekana.

Uingereza ilichukua njia fupi zaidi. Mwaka 2011 wasimamizi wa viwango vya matangazo walitoa mwongozo, ulioanza kutumika Aprili 2012, kwamba neno "bila kikomo" linaruhusiwa kwa masharti mawili. Mteja halali asitozwe zaidi wala kukatiwa kwa kuvuka kiwango fulani, na kama kuna ubanaji wowote uwe wa wastani tu na uelezwe wazi. Mwaka 2013 tangazo la Virgin Media lilikataliwa kwa sababu kushusha kasi ya mteja kwa asilimia 50 hakukuonekana kuwa ubanaji wa wastani.

GHARAMA IKO SAA NGAPI?

Hata hivyo tusimwonee muuzaji. Yapo matumizi yanayomgharimu kweli, ila si yale yanayotajwa katika barua za onyo.

Kampuni ndogo inayonunua njia kutoka kwa kampuni kubwa mara nyingi hutozwa hivi: mtambo hupima mzigo kila dakika 5 kwa mwezi mzima. Katika siku 30 hupatikana vipimo 8,640. Asilimia 5 ya vipimo vya juu kabisa, yaani 432, hutupwa. Hizo ni saa 36 za mzigo mkubwa zisizolipiwa. Kipimo kinachofuata ndicho kinacholipiwa kwa mwezi wote.

Maana yake ni kwamba bili ya kampuni hupangwa na saa za msongamano, ambazo kwa kawaida ni za jioni. Mteja anayeteremsha mafaili makubwa saa 9 usiku, watu wakiwa wamelala, anaweza kutumia gigabaiti 500 bila kuongeza hata senti katika bili hiyo. Mteja wa gigabaiti 20 anayetazama filamu zake zote saa 3 usiku anachangia kilele kinacholipiwa. Kikomo cha mwezi kinamkamata wa kwanza na kumwacha wa pili.

Comcast yenyewe ilikuja kutambua hilo. Mwishoni mwa mwaka 2008, badala ya kulenga programu fulani, ilianza utaratibu wa kutazama mtaa uliosongamana wakati huohuo. Mteja anayechukua sehemu kubwa ya kasi yake kwa dakika 15 mfululizo katika mtaa huo aliwekwa nyuma ya foleni kidogo, na kurudishwa alipopunguza. Msongamano ukiisha, adhabu nayo imekwisha. Utaratibu wa namna hiyo unalinda jirani bila kumpa mtu jina baya.

NANI ANAMBEBA NANI?

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba mtumiaji mkubwa anabebwa na wadogo. Ni kweli. Ada moja kwa wote maana yake ni kwamba mwenye gigabaiti 2 na mwenye gigabaiti 200 wanalipa sawa. Lakini aliyechagua ada hiyo ni muuzaji, na aliichagua kwa sababu inamfaa: anajua mapato ya mwezi ujao, hahitaji kuhesabu kila tone, na anavuta wateja wanaoogopa bili za kushtukiza.

Zaidi ya hayo, katika ada ya namna hiyo mteja mwepesi harudishiwi chenji mwisho wa mwezi. Sehemu asiyoitumia inabaki kwa kampuni. Muuzaji anayeweka mfukoni masalio ya mteja mwepesi hana uso wa kumwita mwizi mteja mzito. Ada moja ni mizani yenye pande mbili, na mwenye mizani amekwisha kupiga hesabu ya zote mbili kabla ya kutangaza bei.

MASWALI MATATU YA KUPIMIA

Kutokana na mifano hiyo, mtu anayetaka kujua kama matumizi fulani ni mabaya au ni makubwa tu anaweza kujiuliza maswali haya:

1. Je, mkataba umetaja kiasi au kitendo kinachokatazwa, kwa maneno ambayo mteja angeweza kuyasoma kabla ya kulipa? Kama kikomo kimetajwa, kukivuka ni kuvunja mapatano. Kama hakikutajwa, kampuni inadai deni lisilo na hati.

2. Je, anayetumia ni mnunuzi mwenyewe kwa kazi iliyonunuliwa? Mwenye kifurushi cha nyumbani anayevuta nyaya na kuwauzia majirani 10, au anayeendesha kibanda cha intaneti kwa mkataba unaosema ni wa familia moja, hatumii sana. Anauza mali ya mwingine. Hata kama gigabaiti zake ni chache, huyo amevuka.

3. Je, kuna anayedhurika kwa makusudi? Kutuma barua pepe za matangazo kwa maelfu wasiozitaka, kushambulia mitambo ya watu, au kushikilia laini kwa programu ya kudanganya mtambo kuwa mtu yupo hali hayupo, ni madhara. Kutazama filamu, kutunza kumbukumbu za duka na kufundisha watoto ni matumizi.

Anayefaulu maswali hayo matatu si mharibifu, hata awe wa kwanza katika orodha ya kampuni. Siku zote lazima awepo mtu katika asilimia 5 ya juu, kama ilivyo lazima kuwe na mwanafunzi wa mwisho hata katika darasa ambalo wote wamefaulu.

USHAURI KWA MFANYABIASHARA

Kabla ya kulipia mpango wowote ulioandikwa "bila kikomo", ulizia mambo manne na uyapate kwa maandishi: kiwango ambacho kikivukwa kasi hupunguzwa, kasi inayobaki baada ya kupunguzwa, kama hesabu hurudi sifuri kila mwezi au kila siku, na kama mpango wa nyumbani unaruhusiwa dukani au ofisini. Swali la pili ndilo linalosahauliwa zaidi. Kushushwa kutoka megabiti 20 hadi 5 ni usumbufu. Kushushwa hadi kasi isiyofungua hata ukurasa wa benki ni kukatiwa kwa jina jingine.

Kama matumizi yako ni makubwa kwa sababu ya biashara, linganisha bei ya mpango wa biashara kabla hujaadhibiwa. Mara nyingi ni ghali zaidi, lakini usiku wa kufunga hesabu si wakati wa kubishana na mtu wa huduma kwa wateja kuhusu maana ya neno. Mafaili makubwa, kama nakala za akiba za daftari la duka, yapangie usiku wa manane.

USHAURI KWA MWEKEZAJI MDOGO

Unaposoma taarifa ya mwaka ya kampuni ya simu au intaneti, usiridhike na idadi ya wateja kupanda. Linganisha mambo matatu kwa pamoja: ongezeko la wateja, ongezeko la matumizi ya data kwa kila mteja, na fedha zilizowekwa katika mitambo. Mawili ya mwanzo yakipanda haraka na la tatu likilala, foleni inakuja, kama ilivyokuja kwa AOL. Faida ya mwaka huo inaweza kuwa nzuri, lakini imekopwa kutoka mwaka ujao.

Tazama pia jinsi kampuni inavyowazungumzia wateja wake wazito. Inayowaita mzigo na kuwatisha inakiri kuwa haijapata bei sahihi ya bidhaa yake. Inayowatengea mpango wao na kuutoza kwa uwazi imegeuza tatizo kuwa mapato. Na inayotangaza "bila kikomo" kwa herufi kubwa huku masharti yakiwa kwa herufi za kusomea kwa miwani, hesabu deni lake hata kama halimo vitabuni. AT&T ilibeba deni la namna hiyo tangu mwaka 2011 hadi lilipoiva mwaka 2019 kwa dola milioni 60.

Soko huria linamruhusu muuzaji kuweka bei yoyote, kikomo chochote na masharti yoyote yaliyo halali, mradi ayaseme kabla hajapokea fedha. Akishapokea, wajibu wake ni kutoa alichokisema. Mteja anayekuja kuchukua chote alichoahidiwa hajavunja kitu. Ahadi ni deni, na anayedai deni lake lote kwa siku moja anaweza kumsumbua mdaiwa, lakini hajamwibia.